Kulifuata Ua Kando ya Mto Zigi

Ua lenyewe ni dogo mno ukililinganisha na sifa zake. Majani yake ya mviringo, yenye manyoya laini, hujipanga duara karibu kabisa na ardhi. Katikati huchomoza vijiti vyembamba vinavyobeba maua ya zambarau, na kila ua lina vifuko 2 vya chavua vya rangi ya manjano. Ulaya na Marekani hupandwa kwenye vyungu na kuwekwa dirishani. Wamarekani wanaolipenda wana chama chao tangu 1946, na wakuzaji wa maua wamezalisha aina zake kwa maelfu: nyeupe, waridi, zenye mabaka, zenye petali zilizojikunja. Kwa wataalamu wa mimea lilikuwa Saintpaulia kwa zaidi ya miaka 120, hadi 2015 lilipohamishiwa katika jenasi ya Streptocarpus.

Kwao ni hapa kwetu, Tanzania na sehemu chache za Kenya. Jina la Saintpaulia lilitokana na Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya Kijerumani upande wa Tanga, ambaye mwaka 1892 alipeleka mbegu kwa baba yake huko Ujerumani. Alieleza kwamba ua hilo aliliona mahali pawili. Pa kwanza palikuwa mwendo wa saa moja tu kutoka mji wa Tanga, karibu na usawa wa bahari, kwenye nyufa za mawe ya chokaa. Pa pili palikuwa ndani ya msitu mnene wa Usambara, juu kabisa, kwenye miamba migumu isiyo ya chokaa.

Ukizitafuta sehemu hizo 2 kwenye ramani, utaona jambo ambalo wasomaji wake wa Ulaya hawakuwa na haja ya kulijua. Mawe ya chokaa ya karibu na Tanga yako Amboni, ambako Mto Zigi unakaribia bahari. Miamba ya msituni iko Usambara Mashariki, ambako Zigi huanza. Mto mmoja unaziunganisha sehemu zote mbili, na ndio niliouchukua kuwa njia yangu. Nilikwenda mwishoni mwa masika, maporomoko yakiwa bado yamejaa na njia za miguu zikianza kukauka. Nilitaka kujua kitu kimoja: ua liliwezaje kuenea dunia nzima, huku nyumbani kwake pakizidi kuwa padogo?

Amboni: mawe ya chokaa

Amboni iko kilomita chache kaskazini ya Tanga, kando ya barabara ya Horohoro. Wengi huijua kwa mapango yake. Hata mtoto wa shule atakusimulia habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, waliojificha humo miaka ya 1950 wakiwasumbua polisi wa mkoloni, na atakuonyesha chumba cha mzimu ambako watu bado huacha sadaka. Ndani ya pango huingii bila mwongozaji, na ni vizuri hivyo, maana giza lake halina mchezo.

Aliyefuata maua lakini hana haja ya kuingia ndani sana. Anachotakiwa kukitafuta ni uso wa mwamba usiopata jua la mchana, wenye unyevu, wenye mti mkubwa juu yake. Chokaa ya Amboni imejaa mashimo na nyufa, na ndani ya kila ufa hukusanyika udongo mweusi usiozidi kiganja kimoja. Humo mna kangaga, mna kuvumwani, na ukiwa na bahati, mna yale majani ya mviringo yenye manyoya. Ukilitazama jani kwa karibu utaona matone ya maji yamekaa juu ya manyoya bila kuligusa jani lenyewe. Hatua 3 pembeni, pale mti ulipokatwa na jua likapata nafasi, mwamba ni mkavu na hauna kitu.

Hilo ndilo somo la kwanza la njia hii. Ua hili halihitaji ardhi kubwa. Linahitaji ufa, kivuli na unyevu usiokatika. Vitu hivyo 3 vikikutana mahali pamoja, linastawi hata hapa chini penye joto la pwani. Kimoja kikiondoka, halina pa kukimbilia, kwa sababu mbegu zake ni vumbi tupu na huangukia palepale au kuchukuliwa na maji kidogo tu.

Kuna watu waliolichuma kabla ya Saint Paul. John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alipeleka kielelezo katika bustani ya Kew, London, mwaka 1884. Mwaka 1887 akafuata mmisionari W. E. Taylor. Jina hilo wasomaji wa ushairi wa Kiswahili wanalijua kwa sababu nyingine kabisa: ndiye aliyeshirikiana na Mwalimu Sikujua bin Abdallah kukusanya tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambazo bila kazi yao huenda nyingi zingepotea. Mtu huyohuyo aliyesikiliza mashairi ya Mombasa aliinama pia kuchuma ua la mwambani. Lakini vielelezo vikavu vya Kirk na Taylor havikuwatosha wataalamu kuelezea mmea mpya, vikabaki kwenye makaratasi yao.

Saint Paul aliwashinda kwa jambo moja. Yeye alipeleka mbegu zinazoweza kuota. Baba yake, Ulrich, alizipanda mbegu zile, kisha akampa mimea iliyoota Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen, Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliuelezea mmea huo kwa jina la Saintpaulia ionantha, na mwaka uleule ukaonyeshwa katika maonyesho ya kimataifa ya maua huko Ghent, Ubelgiji. Kampuni ya mbegu ya Benary ya Erfurt ikaanza kuuza. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920, wakuzaji wa Los Angeles walikuwa wameagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakazalisha aina 10 ambazo ni bibi na babu wa maua mengi yanayouzwa Marekani hadi leo.

Ni mmea unaorahisisha biashara. Jani moja likikatwa na kuchomekwa kwenye udongo wenye unyevu hutoa mizizi, na pembeni yake huchipua mche mpya. Mfanyabiashara akishapata mmea mmoja mzuri, hana sababu ya kurudi Tanga tena.

Muheza na reli iliyopotea

Kutoka Tanga barabara inaelekea Muheza kupitia mashamba ya mkonge. Reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 na ikafika Muheza 1896, ikiwa reli ya kwanza ya Tanganyika. Ni vyema kukumbuka miaka hiyo ilikuwa ya namna gani. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Miaka 2 baadaye kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshafungua shamba la kahawa Derema, ndani ya msitu wa Usambara Mashariki. Mwaka 1892, mwaka uleule wa mbegu za Saint Paul, kampuni hiyo ilileta mamia ya vibarua Wachina na Wajava kufanya kazi katika mashamba yake, kwa kuwa wenyeji hawakuwa tayari kuacha mashamba yao wenyewe na kwenda kulima ya mgeni. Bahasha ya mbegu ilitoka, meli ya vibarua ikaingia, na chini ya vyote kulikuwa na serikali ya kikoloni.

Muheza ya leo ni mji wa machungwa. Msimu ukifika, matenga yanapangwa kando ya barabara kuu, na kina mama wanakimbilia kila basi linalosimama. Hapo unabadilisha gari. Magari ya Amani si mengi, huondoka yakijaa, na mvua kubwa ikinyesha ratiba inabaki mikononi mwa Mungu. Mwenye haraka hupanda bodaboda. Njia ni ya udongo, kilomita zaidi ya 30, na sehemu yake ya kwanza hupita kwenye misaji ya Longuza, mashamba ya miti ambayo asili yake ni enzi za Wajerumani.

Hapa ndipo pa kuangalia chini. Kutoka stesheni ndogo ya Tengeni, karibu na Muheza, kulikuwa na tawi la reli lililopanda hadi Zigi, kilomita 23 hivi, reli nyembamba ya sentimita 75. Lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1900, kwanza kabisa kwa ajili ya mbao. Mlima ulipokuwa mkali mno, treni haikuzunguka kona. Iliingia kwenye kipande kifupi cha reli, ikasimama, kisha ikapanda kinyumenyume, mkia ukiwa mbele. Njia hiyo haipo tena. Reli ziling'olewa zamani, mataruma yameoza, na matuta yake yamemezwa na vichaka na mashamba. Mahali pengine mteremko hukatwa ghafla na ukanda ulionyooka, wenye upana wa hatua chache, usioelekea kuwa kazi ya mto wala ya jembe. Watoto huutumia kwenda shule.

Mwisho wa reli ulikuwa Zigi, na nyumba ya msimamizi wa stesheni bado ipo. Imekarabatiwa na kuwa kituo cha habari cha Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyoanzishwa 1997 ikiwa na hekta 8,380. Mahali ambapo magogo yalipakiwa kwenda bandarini, leo mgeni analipa kiingilio, anapata maelezo ya njia, na anaonywa kuhusu ruba.

Kwa miguu hadi Amani

Hifadhi hii ni miongoni mwa misitu michache nchini iliyotengenezewa njia za miguu zenye alama, ambazo mtembezi anaweza kuzifuata kwa mwendo wake mwenyewe. Zipo fupi za kuzunguka kilima cha Mbomole, zipo za kupita kwenye mashamba ya chai na maporomoko ya Derema, na ipo ya kupanda kutoka Zigi hadi Amani. Niliichagua ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayofuata bonde la mto. Zigi iko kama mita 450 juu ya usawa wa bahari, na Amani inakaribia mita 900. Si mlima wa kutisha, lakini baada ya mvua udongo mwekundu unateleza kama sabuni, na mwenye viatu vya soli laini atapanda akishika mizizi.

Mtu anaweza kwenda peke yake. Hata hivyo nilikwenda na mzee mmoja wa kijiji cha karibu, mstaafu wa mashamba ya chai, ambaye alikubali kunisindikiza kwa sababu alikuwa akipanda kumwona mjukuu wake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza ninatafuta nini. Nilipomwambia ninatafuta maua, alinitazama miguuni kwanza.

"Mwanangu, maua ya hapa hayako njiani," alisema. "Yako kwenye maji. Ukisikia maji, simama."

Alikuwa sahihi. Kwenye njia kavu kuna uzuri wa aina yake: miti mirefu yenye mizizi kama kuta, vipepeo, hondohondo wanaopiga kelele juu bila kuonekana. Maua lakini ni machache, kwa kuwa jua haliyafikii yaliyo chini. Kila kijito kinapokata njia, mambo hubadilika. Maji yameufungua msitu, mwanga unaingia kwa upole, na hewa ina unyevu unaohisiwa usoni. Kwenye kingo kuna maua ya jamii ya Impatiens, mekundu na ya waridi, yenye shina la majimaji linalovunjika ukiligusa tu. Kuna begonia za mwituni. Na kwenye mawe makubwa, yale yanayorushiwa matone na poromoko dogo bila kulowekwa na mkondo, tuliliona.

Mwamba ulikuwa mweusi na wa baridi, umefunikwa na kuvumwani. Mimea ilikuwa imejishikilia kwa mizizi isiyozidi urefu wa kidole, mingine ikining'inia kabisa. Nilikaa karibu nayo kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga, na nyuki mmoja akanilipa uvumilivu wangu. Ua hili halina mbochi. Anachofuata nyuki ni chavua, na chavua imefungwa ndani ya vile vifuko 2 vya manjano vyenye tundu dogo tu. Basi nyuki hulikumbatia ua, hutetemesha misuli yake ya mabawa kwa mlio mkali zaidi ya ule wa kuruka, na chavua inamwagika juu ya kifua chake. Mlio ule ulisikika kabisa juu ya sauti ya maji: mfupi, wa juu, kisha kimya, kisha tena kwenye ua la pili.

Kuna jambo jingine linaloonekana kwa macho matupu. Kijiti cha kike cha ua hakisimami katikati. Katika ua moja kimelalia kulia, katika jingine kimelalia kushoto. Nyuki aliyepakwa chavua upande mmoja wa mwili kwenye ua la kwanza huigusisha kwa urahisi kwenye ua lililolalia upande wa pili. Hivyo ua hupata chavua ya mwenzake. Kwenye dirisha la Ulaya utaratibu huu wote hauna kazi. Hakuna nyuki huyo, na mche mpya hutoka kwenye jani lililokatwa kwa kisu.

Mzee hakushangazwa na ua. Alisema alipokuwa kijana waliyaona mengi zaidi kwenye kijito cha chini ya kijiji, kabla watu hawajalima hadi kwenye maji. Alilisema jambo hilo bila kumlaumu mtu. "Na mimi nililima," aliongeza.

Mji wa wataalamu

Amani yenyewe inamshangaza mgeni. Unapanda msituni nusu siku, halafu unatokea kwenye majengo ya mawe, viwanja na nyumba za zamani zenye mabomba ya moshi. Wajerumani walianzisha hapa taasisi yao ya biolojia na kilimo mwaka 1902, mkuu wake wa kwanza akiwa Franz Stuhlmann. Walikata sehemu ya msitu na kuanzisha bustani ya majaribio yenye mimea kutoka kila pembe ya dunia: mikwinini, mikafuri, mipira, viungo, miti ya mbao. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga bahari, Amani ilitengeneza kwinini, sabuni na hata pombe kali kwa ajili ya jeshi la Wajerumani, hadi Waingereza walipoichukua 1916.

Chini ya Waingereza ilikuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki. Kazi yake iliyogusa maisha ya watu wengi zaidi ilihusu mihogo. Miaka ya 1930, H. H. Storey na wenzake walichunguza ugonjwa wa batobato, wakaichanganya mihogo na mimea ya jamii yake ya mwituni ili kupata aina zinazohimili ugonjwa. Baadhi ya mbegu za Amani zilipelekwa baadaye Nigeria na kuwa wazazi wa aina za mihogo zinazolimwa sehemu nyingi za Afrika. Huko nako kulikuwa na mmea uliosafiri, ila huu ulirudi kwa watu ukiwa chakula.

Peter Greenway, mtaalamu wa mimea wa kituo hicho, alifanya jambo jingine la kukumbukwa. Alikusanya majina ya mimea ya Kiswahili na kuyachapisha katika kamusi, akiyaoanisha na majina ya kisayansi. Bila shaka majina hayo hakuyatunga yeye. Yalitoka kwa watu waliokuwa wakitembea naye msituni, na majina yao wao hayakuingia kwenye jalada. Mwaka 1950 hifadhi ya mimea mikavu ya Amani ilihamishiwa Nairobi, na utafiti wa kilimo ukaenda Muguga, Kenya. Amani ikabaki na utafiti wa malaria na bustani kubwa isiyokuwa na watunzaji wa kutosha.

Bustani hiyo ilitoroka. Msizi, Maesopsis eminii, mti wa upande wa Ziwa Viktoria, ulipandwa Amani mwaka 1913. Hondohondo waliupenda. Walikula matunda yake na kuzisambaza mbegu kila palipokuwa na upenyo. Wakati wa ukataji mkubwa wa magogo, hasa miaka ya 1970 na 1980 ambapo mashine za mbao zilichukua miti mikubwa ya msitu huu, upenyo ulikuwa kila mahali, na msizi ukajaza. Mpandaji anayeijua miti ataona: kuna vipande vya njia ambapo karibu kila shina jeupe lililonyooka ni msizi. Kivuli chake ni chepesi, hupukutisha majani, na udongo chini yake si ule wa msitu wa awali. Kwa mtalii ni msitu tu. Kwa ua linalohitaji unyevu usiokatika, ni nyumba yenye paa linalovuja.

Mita 60

Historia ya Zigi baada ya uhuru haikuwa tulivu. Ukataji wa magogo ulisitishwa mwishoni mwa miaka ya 1980 baada ya kelele nyingi za ndani na nje ya nchi. Mwaka 2003 ikavuma habari ya dhahabu. Maelfu ya wachimbaji walipanda Usambara Mashariki, Sakale ikiwa miongoni mwa sehemu zilizochimbwa, wakafukua mchanga wa vijito vilevile vinavyoulisha Zigi. Serikali iliwaondoa, lakini maji yalikuwa yamekwisha kuwa matope. Huko Derema, wakulima wa iliki waliokuwa wakilima chini ya miti walilipwa fidia na kuondoka ili msitu uhifadhiwe, na wapo ambao hadi leo wanaona kile walichopewa hakikulingana na kile walichokiacha.

Mambo haya yanawagusa watu wa mbali na mlima. Zigi ikishateremka hujaza Bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiyo inayoinywesha Tanga. Mkulima akikata mti kwenye kingo za kijito, matope yanamfikia mama anayefungua bomba Chumbageni au Ngamiani. Mamlaka ya maji ya Tanga ililitambua hilo, ikashirikiana na umoja wa wakulima wa bonde hilo, UWAMAKIZI, unaohimiza kilimo cha matuta, upandaji wa miti na kuacha kingo bila kulimwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu za binadamu zisifanyike ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto na vyanzo vya maji. Walioiandika walikuwa wakifikiria maji. Lakini nilipopima kwa macho umbali kati ya kila mwamba tulipokuta maua na kijito kilicho karibu, hakuna hata mmoja uliozidi hatua chache. Ua zima, pamoja na nyuki wake, kivuli chake na ufa wake, limo ndani ya mita hizo 60. Hakuna sheria ya maua inayolilinda vizuri kuliko sheria hii ya maji, pale inapofuatwa.

Na kuifuata si jambo dogo. Mita 60 kila upande wa kijito, kwa mkulima mwenye eka 2 mlimani, ni sehemu nono ya shamba lake: yenye unyevu wakati wa kiangazi, inayostawisha iliki, magimbi na migomba. Anayemwambia aiache anamwambia apunguze kipato. Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaozungumzia uhifadhi kama suala la elimu tu. Yule mzee alijua kilichoyaondoa maua ya kijiji chake, hakuhitaji semina. Alichohitaji alipokuwa kijana ni mazao mengine ya kumlisha mahali pengine, au mtu wa kumlipa kwa alichokiacha.

Ndiyo maana nimefikia kuamini kwamba ua hili halikosi watunzaji. Lina watunzaji wengi mno, ila wote wako kwenye vyungu. Mmea uliomo chunguni hauwezi kupotea, na hilo limewafanya wengi wadhani kwamba uko salama. Lakini aina za mwituni ni nyingi, na nyingine ziko mahali padogo sana: kuna moja ya Mlima Tongwe karibu na Muheza, kuna ya Mbololo huko Taita, kuna ya miamba ya Kaloleni nyuma ya pwani ya Kenya. Kila moja imezoea ufa wake, joto lake na nyuki wake. Ikiondoka hapo, chungu cha Hannover hakiwezi kuirudisha, kwa sababu kilichochukuliwa 1892 kilikuwa mbegu tu.

Anayetaka kuipita njia hii atenge siku kadhaa, si mchana mmoja. Aanze Amboni asubuhi, alale Tanga au Muheza, apande Zigi siku inayofuata, na Amani akae walau usiku 2 ili apate kwenda Derema kuona maporomoko na mashamba ya chai. Wakati mzuri ni baada ya masika, Juni, au baada ya vuli, kabla jua la Januari halijakaza. Avae viatu vya kushika udongo, achukue chumvi ya kutolea ruba, na asichume kitu. Jani moja mfukoni ni mmea mzima, na wapo waliokuja kwa ajili hiyo hasa. Akipenda kwenda peke yake, njia zina alama. Akipata mwenyeji wa kumsindikiza atajua ni vijito gani vilikuwa na maua na kwa nini havina tena.

Njiani kurudi Muheza kuna wakulima wanaouza iliki, mdalasini na pilipili manga. Usinunue kwa wa kwanza tu. Uliza shamba liko wapi, na kama ukingo wake umeachwa. Swali hilo likiulizwa na wanunuzi wengi, litakuwa na uzito kuliko kibao chochote cha hifadhi, maana litamfanya mkulima aliyeacha mita zake 60 auze kabla ya jirani aliyelima hadi majini.